Poti za Kompyuta Zinapotoweka Baada ya Kusasisha Linux: Yafanyike Yapi Kabla ya Kununua Kifaa Kipya

Kompyuta iliyokuwa ikichapa stakabadhi jana jioni inawashwa leo asubuhi, na printa haionekani. Waya ni ule ule, umeme upo, taa ya printa inawaka, lakini kompyuta inajibu kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Kilichobadilika ni kimoja tu: jana, wakati wa kuzimwa, mfumo wake ulijisasisha. Mtu wa kwanza kuitazama husema, "Poti imekufa." Wa pili hutaja bei ya bodi mpya.

Makala haya yanaeleza kwa nini kauli hiyo, kwa kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, mara nyingi si ya kweli, na jinsi mwenye kompyuta anavyoweza kuuthibitisha ukweli mwenyewe kwa dakika chache kabla ya kutoa hata shilingi moja. Yamewalenga walimu wanaosimamia vyumba vya kompyuta, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika ambao mizani zao zimeunganishwa na kompyuta, wenye maduka ya kuchapa na kurudufu, pamoja na mzazi yeyote aliyewahi kuchangia kompyuta ya shule na sasa anaombwa kuchangia tena ili "itengenezwe".

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka michache iliyopita. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, ingawa bado zina nguvu za kutosha kuandika barua, kuchapa mitihani na kutunza hesabu. Njia mojawapo ya kuzirefushia maisha ni kuziwekea mfumo wa Linux, ambao haulipiwi. Unaojulikana zaidi ni Ubuntu, ulioanza kutolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe halitupi taabu sisi wa huku: ni neno la lugha za Kinguni, lenye undugu wa damu na neno letu "utu". Amri zote zitakazotajwa hapa ni za Ubuntu. Nyingi hufanya kazi vilevile katika Debian na Linux Mint, mifumo ya ukoo huo huo.

Masijala ya kompyuta

Moyo wa mfumo wa Linux huitwa kerneli. Iliandikwa kwanza na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na leo huendelezwa na maelfu ya watu duniani. Toleo jipya hutoka takriban kila baada ya wiki tisa au kumi, na kati ya matoleo hayo hutoka marekebisho mengi ya usalama. Ndiyo maana kompyuta ya Ubuntu iliyounganishwa na intaneti huomba kusasishwa mara kwa mara.

Kazi ya kerneli inafanana na ya masijala katika ofisi ya serikali. Barua ya mwananchi haiendi moja kwa moja mezani kwa mkuu wa idara. Hupokelewa masijala, husajiliwa, hufunguliwa jalada, kisha hupelekwa inakohusika. Vivyo hivyo, programu ya kawaida haizungumzi na printa, flashi au mizani moja kwa moja. Poti ni mlango tu. Kifaa kikichomekwa, kerneli hukitafutia karani anayeifahamu lugha yake, na karani huyo ndiye mafundi wanayemwita draiva.

Hapa ndipo penye shina la tatizo. Draiva nyingi za Linux hukaa katika mafaili madogo yaitwayo moduli, na kila toleo la kerneli lina folda yake ya moduli ndani ya /lib/modules. Kerneli mpya haiazimi moduli za kerneli ya zamani. Toleo jipya likiingia na draiva moja ikabaki nyuma, mlango upo na mgeni yupo, ila karani hayupo. Anayetazama kwa nje huona mlango usiojibu, akahitimisha kuwa mlango ni mbovu.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu

Kabla ya jambo lolote, izime kompyuta kabisa na uiwashe upya. Ushauri huu umezoeleka mno hata umekuwa mzaha, lakini baada ya kusasisha kerneli una sababu yake. Sasisho huandika kerneli mpya kwenye diski, huku kompyuta ikiendelea kutumia ile ya zamani iliyokwisha kupakiwa, hadi itakapowashwa upya. Katika baadhi ya mifumo ya Linux, kwa mfano Arch, moduli za zamani hufutwa papo hapo. Flashi itakayochomekwa baada ya hapo haitaonekana, kwa kuwa kerneli inayofanya kazi inatafuta folda ambayo haipo tena. Ubuntu huziacha moduli za zamani, hivyo hupatwa na hali hii kwa nadra. Fungua dirisha la terminali, ambalo wengi huliita dirisha jeusi, uandike amri hizi mbili, kila moja kwa mstari wake:

uname -r
ls /lib/modules

Ya kwanza hutaja toleo la kerneli linalofanya kazi sasa hivi. Ya pili huorodhesha matoleo yenye folda za moduli. Jibu la kwanza lisipokuwemo katika orodha ya pili, umeshapata kisa chako: kompyuta haijawashwa upya, au sasisho lilikatika njiani. Umeme ukikatika wakati sasisho linaendelea, jambo ambalo si geni kwetu, hali hiyo ya pili inawezekana kabisa. Amri ya sudo dpkg --configure -a huendeleza usakinishaji ulioachwa katikati.

Kama kompyuta imewashwa upya na poti bado haionekani, kipo kipimo ambacho, kwa maoni ya mwandishi, kina thamani kuliko vingine vyote, na inasikitisha kwamba hakitumiki sana mitaani. Ubuntu haifuti kerneli ya zamani mara inapoweka mpya. Huihifadhi kwa ajili ya siku kama hii. Washa kompyuta, na mara tu nembo ya mtengenezaji inapopita, bonyeza kitufe cha Esc mara moja. Kwa kompyuta za zamani zaidi, shikilia kitufe cha Shift. Itatokea orodha fupi ya maandishi. Chagua mstari unaoanza na maneno Advanced options, na ndani yake chagua toleo lenye namba ndogo kuliko la juu, lisiloandikwa recovery mode.

Kompyuta ikiwaka kwa kerneli hiyo ya zamani na printa ikaonekana, umepata ushahidi ambao hakuna fundi anayeweza kuupinga. Poti ni nzima, waya ni mzima, printa ni nzima, na bodi haihitaji kuguswa. Kilichopungua ni draiva katika kerneli mpya. Zaidi ya hayo, kazi inaweza kuendelea siku hiyo hiyo wakati ufumbuzi unatafutwa. Makubaliano hayo yawe ya siku chache tu, kwa kuwa kerneli ya zamani haina marekebisho ya usalama yaliyoletwa na mpya.

Kinyume chake kinahitaji uangalifu. Kifaa kisipoonekana hata kwa kerneli ya zamani, usiseme bado kwamba poti imekufa. Umejua tu kwamba kerneli haina hatia. Sasisho huleta programu nyingine nyingi pamoja na kerneli, na mojawapo inaweza kuwa ndiyo mkosaji, kama tutakavyoona hapa chini.

Kuiuliza poti yenyewe

Kerneli huandika kila inachokiona katika daftari lake la matukio, na daftari hilo husomwa kwa amri ya sudo dmesg. Ukiongeza herufi w, daftari hubaki wazi na kila tukio jipya huonekana linapoandikwa:

sudo dmesg -w

Acha dirisha hilo wazi, chomoa kifaa, hesabu hadi tano, kichomeke tena, kisha tazama. Ikitokea mistari mipya yenye neno usb pamoja na maneno idVendor na idProduct, basi poti iko hai. Imemwona mgeni, imemuuliza jina, naye amejibu. Hakuna poti iliyokufa inayoweza kuandika mistari hiyo. Tatizo linalobaki ni la draiva au la ruhusa, na hilo hutatuliwa kwa kibodi, si kwa bisibisi.

Ikitokea mistari yenye maneno device descriptor read na namba za makosa kama error -71 au error -110, mgeni amebisha hodi lakini maneno yake hayaeleweki. Mara nyingi chanzo ni waya mbovu, waya mrefu kupita kiasi, au umeme usiotosha. Poti ya USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, na ile ya USB 3.0, ambayo aghalabu huwa na plastiki ya buluu ndani, hutoa hadi 900. Vifaa vinne vikichomekwa kwenye kigawanyio kimoja cha bei nafuu kisicho na umeme wake chenyewe, hugawana kiasi hicho kidogo. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa waya mwingine, ujaribu tena.

Kusipotokea mstari wowote, jaribu poti nyingine, kisha jaribu flashi ambayo una hakika ni nzima katika poti ile ile ya kwanza. Flashi ikionekana, poti ni nzima na kifaa chako ndicho cha kutiliwa shaka. Flashi isipoonekana katika poti hiyo, ikaonekana katika zilizo jirani, kwa kerneli mpya na kwa ya zamani pia, hapo ndipo maneno "poti imekufa" yanapoanza kuwa na msingi. Hata hivyo kompyuta yenye poti tano hai na moja mbovu haistahili bodi mpya. Inastahili kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya ile mbovu.

Karani aliyemchukua mgeni wa mwenzake

Kisa kimoja kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kinagusa vifaa vinavyopatikana kwa wingi, na kwa sababu ufumbuzi wake wa haraka unaweza kumdhuru mtu asiyehusika kabisa.

Mizani za kidijitali, printa ndogo za stakabadhi na visoma alama za bidhaa vya miaka ya nyuma hutumia poti ya siriali, ile yenye pini tisa ambayo mafundi huiita poti ya COM. Kompyuta mpya nyingi hazina poti hiyo, kwa hiyo hutumiwa adapta fupi inayogeuza USB kuwa siriali. Adapta za bei nafuu mara nyingi huwa na chipu iitwayo CH340, inayotengenezwa China. Linux inaifahamu chipu hiyo vyema: draiva yake, ch341, imo ndani ya kerneli kwa miaka mingi. Adapta ikichomekwa, hupewa jina /dev/ttyUSB0, na programu ya mizani husoma uzito kupitia jina hilo.

Toleo la Ubuntu 22.04 lilipotoka Aprili 2022 likiwa na kerneli 5.15, watumiaji wengi wa adapta hizo walishangaa. Adapta ilionekana kwa sekunde moja, kisha ikatoweka. Kerneli ililaumiwa kwa kuwa ndiyo iliyobadilika machoni pa watu, lakini haikuwa na kosa. Ndani ya Ubuntu kuna programu iitwayo BRLTTY, inayowawezesha watu wasioona kusoma yaliyomo kwenye skrini kwa kifaa cha maandishi ya nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo vya nukta nundu hutumia chipu ile ile ya CH340, na hujitambulisha kwa namba ile ile: 1a86 kwa mtengenezaji na 7523 kwa bidhaa. Kwa hiyo BRLTTY ilipoiona namba hiyo iliamini kwamba kifaa cha msomaji asiyeona kimefika, ikakinyakua kutoka mikononi mwa draiva ya ch341. Mizani ikabaki bila msikilizaji.

Alama zake zinajulikana. Amri ya lsusb inaonyesha 1a86:7523, maana yake poti na adapta ni hai. Daftari la dmesg linataja kwanza ttyUSB0, kisha mstari wenye neno brltty, kisha maneno disconnected from ttyUSB0. Ukiyaona matatu hayo kwa pamoja, hakuna haja ya kubahatisha.

Ushauri unaosambazwa zaidi ni kuiondoa programu hiyo kwa amri ya sudo apt remove brltty. Unafanya kazi mara moja, na kwa kompyuta ya ghala au ya duka hauna ubaya. Kwa kompyuta ya shule au ya ofisi inayohudumia umma, mwandishi hauafiki. Mwanafunzi asiyeona anayefika mwaka ujao na kifaa chake atakuta kompyuta iliyonyamaza, na hatakuwepo wa kumweleza ni nani aliyeinyamazisha wala kwa nini. Ipo njia isiyomnyima mtu haki yake. Nakili faili la kanuni za BRLTTY kwenye folda ya mabadiliko ya mahali hapo:

sudo cp /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules /etc/udev/rules.d/
sudo nano /etc/udev/rules.d/85-brltty.rules

Tafuta mstari wenye 1a86/7523, weka alama ya # mwanzoni mwake, hifadhi, kisha uandike sudo udevadm control --reload-rules. Chomoa adapta na uichomeke upya. Vifaa vingine vyote vya nukta nundu vitaendelea kutambuliwa. Ni namba hiyo moja tu iliyorudishwa kwa mizani. Faili likiwa ndani ya /etc, sasisho lijalo halitalifuta.

Sababu nyingine, kwa ufupi

Wakati mwingine draiva haipo kwa sababu kifurushi chake hakikuwekwa. Katika Ubuntu 22.04 draiva nyingi za adapta za siriali zimo katika kifurushi cha ziada, linux-modules-extra, chenye namba ya toleo la kerneli. Andika sudo modprobe ch341. Ukijibiwa kwamba moduli haikupatikana katika folda ya toleo fulani, sakinisha kifurushi hicho:

sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)

Pana mtego mdogo hapa. Amri hii hujaza yenyewe namba ya kerneli inayofanya kazi wakati huo. Ukiwa umerudi kwenye kerneli ya zamani kwa sababu hata Wi-Fi ilitoweka kwenye mpya, utakuwa unasakinisha moduli za toleo la zamani, kisha utashangaa kuona hali haijabadilika. Katika hali hiyo iandike namba ya toleo jipya kwa mkono, kama inavyosomeka katika /lib/modules.

Draiva nyingine haziji na kerneli kabisa. Hutolewa na mtengenezaji wa kifaa, na hujengwa upya kwa kila kerneli na programu iitwayo DKMS. Kadi za Wi-Fi za kuchomeka na baadhi ya kadi za poti nyingi ni za kundi hili. Amri ya dkms status huonyesha draiva ipi imejengwa kwa toleo lipi. Toleo jipya lisipotajwa, ujenzi ulishindikana, mara nyingi kwa kukosekana kifurushi cha linux-headers cha toleo hilo, au kwa kuwa draiva ni ya zamani na haipatani tena na kerneli. La kwanza hutatuliwa kwa kusakinisha kifurushi. La pili humsubiri mtengenezaji, na anayepanga kununua kadi mpya angefanya vyema kuchagua inayotambuliwa na kerneli bila draiva ya pembeni. Draiva ya aina hii ikikataliwa kwa maneno Key was rejected by service, kizuizi ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Usiuzime ulinzi huo kwa pupa kwenye kompyuta ya umma. Ufunguo wa saini unaweza kusajiliwa, na kazi hiyo afanye mtaalamu.

Kadi zenye poti nane za siriali zina kisa chao. Kerneli huwekewa kikomo cha idadi ya poti za siriali itakazoziandaa inapowaka, na kikomo hicho kinaweza kuwa nne tu. Poti nne za kwanza huonekana na nne za mwisho hazionekani, jambo ambalo kwa macho hufanana kabisa na nusu ya kadi kuungua. Fundi huongeza maneno 8250.nr_uarts=8, au namba kubwa zaidi ikiwa kompyuta ina poti zake nyingine, katika faili la /etc/default/grub, kisha huandika sudo update-grub na kuwasha upya.

Mwisho kuna makosa mawili ambayo si ya draiva. Jina la poti linaweza kuhama: mizani iliyokuwa ttyUSB0 ikawa ttyUSB1, huku programu ikiendelea kuisubiri mahali pa zamani. Majina yaliyo katika folda ya /dev/serial/by-id hayahami, na ni bora programu ielekezwe huko. Pia mtumiaji mpya wa kompyuta anaweza kukosa ruhusa ya kugusa poti za siriali; huingizwa katika kundi la dialout kwa amri ya sudo usermod -aG dialout ikifuatwa na jina lake la mtumiaji, kisha hutoka na kuingia upya.

Kabla ya kukubali bodi mpya au kufutiwa diski

Fundi anayekosa jibu hupendekeza mambo mawili: kubadilisha bodi, au kufuta diski na kuweka mfumo upya, jambo ambalo mitaani huitwa kupiga format. La pili ndilo la hatari zaidi. Ndani ya diski ya shule kuna alama za wanafunzi na orodha za mahudhurio. Ndani ya diski ya chama cha msingi kuna uzito wa mazao ya kila mkulima, na malipo ya mkulima hutegemea takwimu hizo. Poti isiyoonekana si sababu ya kufuta kitu chochote. Ikibidi diski ifutwe kwa sababu nyingine, nakala ya kumbukumbu zote ichukuliwe kwanza, na ifunguliwe mbele ya mwenye kumbukumbu kwenye kompyuta nyingine ili athibitishe kwamba zimo.

Kompyuta ya shule au ya ofisi ni mali ya umma. Kipande kinachotolewa ndani yake kirudishwe kwa mkuu wa taasisi hata kama kinadaiwa kuwa kibovu, na mabadiliko yaandikwe katika daftari la mali. Kamati ya shule inayoombwa fedha za bodi ina haki ya kuuliza swali moja: je, kompyuta ilijaribiwa kwa kerneli ya zamani, na matokeo yalikuwa nini? Asiyeweza kulijibu hajafanya uchunguzi.

Kwa mwananchi anayesubiri dirishani wakati printa haionekani, ni vyema akumbuke kwamba malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, kupitia benki au simu, na muamala hubaki ndani ya mfumo wa malipo hata karatasi isipotoka. Printa iliyogoma si sababu ya kumwachia mtu fedha taslimu kwa ahadi ya kuletewa stakabadhi baadaye.

Wasimamizi wa kompyuta nao wanashauriwa kusasisha baada ya saa za kazi, kuwasha upya siku hiyo hiyo, na kujaribu printa au mizani kabla foleni haijaanza. Kuzuia masasisho kabisa si suluhisho. Kompyuta isiyosasishwa iliyo kwenye intaneti iko katika hatari kubwa kuliko ya printa kutoweka kwa saa mbili. Vilevile, usafishaji wa diski usiondoe kerneli zote za zamani. Iachwe angalau moja iliyojaribiwa na kufanya kazi.

Shule au ofisi ya kata itakayoshindwa baada ya hatua hizi na kuhitaji msaada wa Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, iambatanishe na barua yake majibu ya amri za uname -r, lsusb na dmesg kwa kerneli mpya na kwa ya zamani. Majibu hayo yanaweza kuhifadhiwa kwenye flashi, kwa mfano kwa kuandika sudo dmesg > ripoti.txt, au kupigwa picha kwa simu. Kompyuta iletwe pamoja na adapta, waya na kifaa kisichoonekana, kwa sababu bila kifaa chenyewe hakuna kinachoweza kujaribiwa.